Aliyehesabu Mikono ya Wengine

Yaya wetu wa komite, dada yetu mkubwa, yule aliyeandika kila barua ya chama chetu hapa Durban, amekufa Jumanne asubuhi. Alikuwa saluni anasuka mtu, akasema kichwa kinamuuma, akakaa chini, basi. Presha. Wengi wenu mlipata habari kwenye simu, kama mimi. Nilikuwa nimesimama kwenye robot, zile taa za barabarani. Taa ikabadilika, watu wakavuka, ikabadilika tena, mimi bado niko pale.

Kwa mgeni anayesoma safu hii, chama chetu iko na sheria ya zamani: nyumba moja, mkono mmoja wa kura, na mkono ni wa baba. Baba akifa, shemeji ndiye anaunyosha. Yaya alikuwa mjane, tena katibu, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kusimama mbele na kuhesabu mikono ya wanaume, wa kwake umeshika kalamu. Nakumbuka siku walipiga kura kuhamisha mikutano Mobeni, kwenye ghala la rafiki wa mwenyekiti. Yaya hakutaka. Wamama wa saluni wanafunga kazi jioni, watafikaje kule, na kurudi watapanda taxi gani? Shemeji yake anaishi Bluff, hakumwuliza hata neno moja, akanyosha mkono kwa niaba ya nyumba yake. Yaya akauhesabu. Nilikuwa nimekaa karibu, kwenye viti vya wanawake, nikaona anaandika kwa ule mwandiko wake mzuri kwamba nyumba yake imekubali.

Niliwaka. Tulipobaki wawili nikamwuliza kwa nini asiache kuwaandikia, tuone mwenyekiti atasoma nini. Akacheka, akanieleza habari ya waziri mkuu mmoja wa Uingereza wa zamani, aliyemsoma kwenye kitabu alichopewa na bibi mmoja wa Morningside, ambaye zamani yaya alikuwa anamsafishia nyumba. Mzee yule alipenda sana wanawake waandishi. Aliwakaribisha mezani, akasoma vitabu vyao, akaandikiana nao barua. Lakini wanawake walipokuja mlangoni kudai kura, walikutana na polisi.

"Alipenda kalamu yao, mdogo wangu," akaniambia. "Mkono wao, hapana."

Nikauliza iliisha vipi. Akasema mwishowe alikubali, miaka imepita, na vita kubwa imeingia katikati.

"Na wenye walikufa wakingoja?"

Akawa anakusanya karatasi. Nami kwa haraka yangu nikatoa neno ambalo leo linanichoma. "Basi yaya, wewe ni mmoja wa wale wa mezani." Hakukasirika. Aliniomba tu nimshikie daftari, apate kuvaa koti.

Sikujua kwamba miezi hiyo yote, kila Jumapili baada ya ibada, alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kuongea na wanaume mmoja mmoja, hata na shemeji. Wenzake wa saluni waliniambia msibani, wanalia. Sheria ile ya mkono wa baba ilikuwa ipigiwe kura Jumamosi hii, ibadilishwe, na alishapata ahadi za kutosha. Alikuwa amebakiza siku nne. Sikupata kumwomba msamaha.

Mkutano umeahirishwa, na hapo sina neno, msiba ni msiba. Lakini mwenyekiti alinivuta pembeni, macho yamevimba, maana kweli alimpenda. Akaniomba nimwandikie hotuba ya mazishi, kwa sababu aliyekuwa anamwandikia ndiye huyo amelala, halafu niwe katibu mpya. Nikamwuliza, na ile kura, lini?

"Mwanangu, tulie kwanza. Tungoje kidogo."

Eish. Maneno ya hotuba nilikuwa nayo, yamenijaa kifuani. Nikasema, "Papa, nitaandika siku nitakayonyosha mkono." Akaniangalia kama mtu asiyelelewa. Makaburini alisimama mikono mitupu, akasema alikuwa mwanamke wa maana, akakwama, akalia, akakaa.

Tangu utoto tunaambiwa mvumilivu hula mbivu. Sawa, lakini tazameni nani anakula huku mwenzake anavumilia. Kungoja si subira, kama anayekungojesha ndiye anafaidi. Yaya alitusomea, akatuandikia, akatuhesabia, na tumemzika hajahesabiwa hata siku moja. Baba zangu, msituletee sifa kaburini. Itisheni mkutano matanga yakiisha, kura ipigwe. Sisi bado tunapumua.