Nduru ya Mkononi

Nilijikata mwenyewe, tena kwa maringo. Shemeji alikuwa ameniletea miwa kutoka Bungoma hadi kwangu Kitale, na jirani yangu, mama ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Nyeri, akanishauri niuegemeze muwa kwenye gogo kabla ya kuumenya. Nikamjibu kwamba mtu wa Bungoma hafundishwi muwa. Mimi ni wa mashoto, kwa hivyo niliushika muwa kwa mkono wa kulia, hewani. Panga likateleza kwenye pingili na kuingia kwenye kifundo cha mkono. Nilipiga nduru, na aliyefika wa kwanza ni jirani yule yule. Leso yake ndiyo iliyozuia damu.

Hospitalini walinishona, neva pia. Nikarudi nyumbani, mahali ninapopenda kukaa hata nikiwa mzima, kidole gumba na viwili vinavyokifuata vikiwa kama vya kuazima. Niligusa ugali ukifuka moshi nisisikie kitu. Ng'ombe wangu naye hakubali kukamuliwa kwa mkono mmoja, basi jirani akachukua ndoo. Kukaa bure sikukuchukia sana. Nilichoogopa ni kwamba vidole havingerudi.

Kisha mkono ukavimba na kupata joto. Nikamwendea daktari nikitaka dawa ya kumaliza uvimbe wote siku hiyo hiyo. Alichungulia kidonda, akaona hakina usaha, akaniambia nitulie.

"Neva yako pia imepiga nduru," akasema.

Akanieleza kwamba kipande cha neva kilichokatwa hufa, na seli zilizo pale hutoa kemikali za kuita msaada, ziitwazo saitokini. Seli za kinga husikia, huja mbio na kuzoa mabaki ili neva mpya ipate njia ya kukulia. Huo ndio uvimbe. Nikamuuliza, na wakikataa kwenda nyumbani? Maana kwetu watu wakija kwa nduru, wengine hukaa mpaka chai. Akacheka, akasema hata mwilini ipo shida hiyo, ila kwa kawaida hutumwa ujumbe mwingine wa kuwatuliza, na kazi ya kujenga ikaendelea. Neva yenyewe haina haraka.

Kweli haikuwa nayo. Mahindi yalipandwa, yakapaliliwa, yakabeba. Nikaanza kuhisi kama shoti ya umeme kila nilipogonga kovu, na jirani akawa ananiuliza kama nimeunganishwa na stima.

Jioni moja alileta maziwa mimi na watoto tukiwa mezani. Nikamega ugali bila kufikiri, nikautupa. Vidole vitatu vilikuwa vinawaka. Niliviinua juu nikicheka kama mtu aliyeokota shilingi, nikawaonyesha wote. Jirani akaweka ndoo chini.

"Sasa kama unasikia moto, kesho kamua ng'ombe yako mwenyewe. Mimi nimechoka kupigwa mateke juu ya muwa."