Kibao cha Fundi Cherehani

Kila nilipotoka ofisini nilikotumwa kikazi, nilipitia mtaa wa ufukweni kumtazama mchora vibao. Hewa ya chumvi hula maandishi ya maduka, naye huyarudishia rangi, akianzia upande unaoelekea baharini. Brashi huifutia kwenye suruali, mguu wa kushoto tu. Ukiutazama mguu ule umeona rangi za mtaa mzima. Hupiga mluzi, ila akifika kwenye herufi ya mviringo hunyamaza na kubana pumzi.

Wiki iliyopita nilimkuta juu ya ngazi, kwenye duka la fundi cherehani aliyelazwa hospitali. Mke wa fundi alisimama chini, macho mekundu.

"Shemeji, acha tu. Hata uji haupiti. Kibao cha nini?"

"Akirudi akute duka limefutika? Hebu nishikie ngazi."

Akaishika.

Leo nimepita na begi langu, safari ya kurudi nyumbani. Fundi amekalishwa na mkewe kwenye kiti mlangoni, amekonda kama uzi, anakodolea macho kibao, mchora vibao kasimama kando.

"We kipofu? Tangu lini duka langu likawa la buluu?"

"Shemeji, huyu kapona," alisema mchora vibao, akaenda kuchukua ngazi huku akipiga mluzi.