Gundi Chini ya Mirija

Umma unatangaziwa, kwa heshima na taadhima, kwamba sayansi imeokolewa, na aliyeiokoa ni mwanamke mwenye malapa, katika maabara yenye feni inayokohoa.

Wenzake humwita Mama Mirija. Hupima mirija ya kaboni, myembamba mno hata unywele ukilazwa kando yake huonekana gogo. Kila mrija una pengo la nishati ambalo elektroni lazima ziliruke ndipo umeme upite. Wiki baada ya wiki alilipima pengo hilo, na wiki baada ya wiki likazidi kupungua. Mrija uleule, mashine ileile.

Profesa wake, mtu wa kufunga tai hata akiwa peke yake, hakucheka.

"Namba zinazohamahama ni za kupikwa. Ijumaa ukiniletea hizi hizi, nakutoa kwenye mradi."

Nyumbani wifi yake akampokea kwa uchokozi. "Wifi, mirija yako bado inaumwa?"

"Ninayeumwa ni mimi."

"Basi njoo ule, mgonjwa."

Hakula.

Ijumaa asubuhi akakitoa kipande cha plastiki alicholazia mirija yake, kilichobandikwa kwa gundi ncha zote mbili juu ya bamba la shaba. Taa ya dari ilijiakisi kwenye plastiki hiyo imepinda kama ndizi. Akatazama juu: taa imenyooka kama rula. Akatazama chini: ndizi.

Kumbe gundi ilikuwa inakauka polepole na kusinyaa, ikizivuta ncha zikaribiane, na kipande kikabinuka kama mgongo wa paka. Mirija iliyolala juu ya mgongo huo ikavutika, atomu zake zikaachana kidogo, na pengo likabadilika. Namba hazikupikwa. Zilikuwa zinasema kweli tupu, ila kuhusu gundi.

Akaibandua kwa wembe, akakilaza kipande bapa kwa vibanio, akapima. Pengo likarudi pale pale pa mwanzo. Akakikunja juu ya kalamu, likapungua. Akakinyoosha, likarudi. Alishusha pumzi ndefu kama gurudumu lililotolewa upepo.

Profesa alipofika, akakikunja na kukikunjua kipande mwenyewe mpaka tai ikamkaa begani.

"Nabaki?" Mama Mirija akauliza.

"Unabaki, tena kwa fahari. Umetuonyesha kwa macho yetu jinsi mkunjo unavyozitawala elektroni. Ukisimama mbele ya wanasayansi, utaieleza vipi siku hii adhimu?"

"Nilibandua gundi, Profesa. Sasa naomba nikale."