Nilisoma Jina la Mama Mwende

Nimekosa, na sitaki mtu aniambie ati nilikuwa mjinga. Nilijua. Nilijua kila kitu na bado nikafanya. Jina langu siandiki kwa sababu bado naogopa, lakini hayo mengine wacha niyaseme vile yalivyokuwa.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nauza maji Kibera, upande wa kile kijiji kinaitwa Raila. Aliyenifundisha hiyo kazi ni Mama Mwende, mjane kutoka Kitui, jirani yangu mlango kwa mlango. Alikuwa na mapipa mawili, mimi mawili. Mfereji ukikauka tulienda pamoja mpaka mtaa wa Ayany na mitungi yetu kutafuta maji. Nilipojifungua, yeye ndiye alinishika mkono.

Halafu watoto wakaanza kuugua. Kutapika, kichwa, mate kuwatoka ovyo. Watu wakasema maji yananuka dawa. Kikundi chetu cha akina mama kanisani kikaamua tuitishe mkutano wa watu wote, chifu aje, watu wa maji waje, tuelezwe tunakunywa nini. Mimi nilikuwa katibu kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Hata mtaani waliniita hivyo, Katibu.

Kazi yangu ilikuwa kuzunguka kwa kila muuzaji nikichota maji yake kwa chupa ya soda. Kila chupa niliipa nambari, na majina ya wenyewe nikayaandika kwenye daftari langu. Bwana mmoja wa maabara ya chuo alikubali kutupimia.

Siku tatu kabla ya mkutano akaniletea majibu. Chupa zote ni sawa, akasema, isipokuwa ya saba. Hiyo ina dawa ya wadudu, ile inanyunyiziwa maua mashambani. Lazima mwenye hayo maji ametumia pipa lililobeba hiyo dawa.

Ya saba ilikuwa yangu.

Mzee wangu, baba wa mtoto wetu, alikuwa kibarua kwa ghala fulani Industrial Area, na mapipa yetu alitoka nayo huko. Tuliyasugua kwa mchanga na sabuni ya unga tukadhani tumemaliza. Nilimwonyesha karatasi. Akasema tukitajwa watatuchomea nyumba. Hakuniambia nifanye nilichofanya. Hiyo ilitoka kwangu mwenyewe.

Nilichana ukurasa wa daftari nikaandika mwingine. Kwenye saba nikaweka Mama Mwende.

Mnataka kujua kwa nini yeye? Hakuwa na bwana, hakuwa na ndugu hapo mtaani, na maji yake yalipendwa kuliko yangu. Ni hivyo tu.

Ukumbi wa kanisa ulijaa mpaka watu wakasimama nje madirishani. Chifu aliongea. Bwana wa maabara akaeleza vile hiyo dawa hushika pipa, haitoki hata ukisugua vipi. Kisha nikaitwa nisome majina. Kila jina lisilo na kosa likipita, mwenyewe anashusha pumzi. Nilipofika saba sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaniuma mpaka leo.

Mama Mwende akasimama. Hakupiga kelele.

"Katibu, angalia tena," akasema. "Mapipa yangu unayajua. Nilinunua yakiwa mapya, tukiwa na wewe."

"Mimi nasoma kilichoandikwa," nikamjibu.

Bwana wa maabara akasema yapimwe mara ya pili kabla ya kumlaumu mtu. Nani angemsikia? Watu walikuwa wametoka mbio. Walipasua mapipa yake kwa panga. Mmoja akachota kikombe cha maji yaliyobaki, akamwambia anywe wote wakiona. Akanywa. Akaomba kingine, akanywa. Mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa amelazwa akamtemea mate usoni.

Na mimi nilikuwa hapo, daftari mkononi.

Kesho yake wateja wake wote walipanga laini kwangu. Nilikuwa nimeapa kutupa yale mapipa mkutano ukiisha. Lakini laini ilikuwa ndefu, tukaongeza pipa la tatu, na mzee alilitoa kule kule. Sisi nyumbani tulikunywa maji ya Ayany.

Siku ya tatu Mwende, binti yake, akaja. Alikuwa na miaka sita, amebeba kimtungi kitupu cha mafuta ya kupikia. Akasema mama yake ameomba niwajazie. Nikajaza, kutoka kwa lile pipa jipya. Nikakifunga kifuniko vizuri yasimwagike njiani.

Mtoto alikufa hospitalini kesho yake. Wengine walitapika wakapona, ikasemwa ni ile sumu ya zamani bado iko tumboni. Na kuhusu Mwende wakasema Mungu amemlipa mama yake. Kwenye matanga kikundi kilinituma nisome rambirambi, maana ndimi katibu. Nilisoma.

Mapipa tuliyatupa siku hiyo hiyo. Watoto wakaacha kuugua, na Jumapili nikasimamishwa kanisani nipigiwe makofi kwa kuandaa mkutano.

Mama Mwende alihamia Kawangware. Mzee wangu naye aliondoka, akasema hawezi kulala chumba kimoja na mimi. Mwaka mzima ukapita ndipo nikaenda kumtafuta yule mama. Nikampata akiuza mboga kando ya barabara. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mbele ya meza yake. Aliendelea kukata sukuma mpaka nikamaliza.

"Nilidhani ulikosea kusoma," akasema. "Nilidhani uliogopa kujirekebisha mbele ya chifu. Ndiyo maana nilimtuma mtoto kwako. Wengine wote walikuwa wamekataa kutuuzia."

Halafu akamwuliza mteja aliyekuwa nyuma yangu anataka sukuma ama spinachi.

Wewe unayesoma hii, pengine iko siku utasimama mbele ya watu na karatasi mkononi, na jina baya hapo ni lako. Tafadhali lisome! Watavunja vitu vyako, watakutukana, utahama mtaa. Lakini hayo yataisha. Mimi hakuna mtu aliyenigusa hata kwa kidole, na mpaka leo nangoja.