Wifi Yangu na Wanafunzi Wake Wodini

Wifi yangu anafundisha famasia, na kwa kichwa kigumu hajambo. Wenzake wanafundishia darasani. Yeye anawagawa wanafunzi vikundi na kuniletea wodini, maana mimi ndiye muuguzi msimamizi pale. Kila kikundi kinafuatilia dawa moja: nani anapewa, kwa nini, na kama bado anaihitaji. Mwishoni wanasimama kutuambia tunapokosea. Hebu fikiria, vitoto vya juzi!

Mwaka huu daktari wetu mkuu alikuwa amewachoka. "Wakinipotezea muda tena, wifi yako awatafutie wodi nyingine," akaniambia. Nikafikisha ujumbe. Wodi nyingine ya kuwapokea haikuwepo, na wifi alilijua hilo. Nilimwonea huruma, ingawa mdomoni nilimwambia amejitakia.

Kikundi cha kwanza kilikuwa kimefuatilia sindano za antibiotiki. Siku ya kuwasilisha, wifi akapiga kura palepale ya nani aseme. Ndiyo desturi yake, asiwepo wa kubebwa na wenzake. Kura ikamwangukia binti tuliyemwita Bi Harusi, kwa jinsi anavyoinamisha macho. Nikasema moyoni, haya, tumekwisha.

Akaanza kwa sauti ya kuomba radhi. Wagonjwa wengi, akasema, wanaendelea kuchomwa sindano wakati homa imeshashuka, wanakula vizuri, na vidonge vingewatosha.

Daktari akamkatiza. "Nani wanaoandika hivyo? Nitajie majina."

Wenzake binti wakainuka, wakasimama naye bega kwa bega.

"Samahani, Daktari," binti akasema. "Tulichunguza dawa inavyotumika. Watu hatukuwachunguza. Majina tuliyaacha makusudi."

Jamani! Nilitamani sakafu ipasuke initie ndani. Daktari akavua miwani, akajipangusa uso.

"Mimi mwenyewe nimo," akasema. "Yule mama wa kitanda cha mwisho. Leo asubuhi nimemkuta anamaliza sahani yake, bado nikamwandikia sindano. Mazoea tu."

Tukaenda kwake sote. Daktari akamwandikia vidonge, nami nikamtoa kile kimrija cha sindano kilichomvimbisha mkono. Mama akaukunja, akaukunjua, kisha akajifunga kilemba chake mwenyewe, bila kumwita mtu.

Wifi akaanza kulia, hovyo kabisa, mbele ya wanafunzi.

"Mwalimu," daktari akamwambia, "kikundi kijacho kianze na dawa ninazoandika mimi."