Ndege Iliyolia Ndani ya Mahindi

Mimi ni mtu wa kushuku. Nimeuza vitenge sokoni Lubumbashi miaka mingi, na soko limenifundisha kumtazama mtu mikono kabla ya uso. Kwa hiyo nilipopigiwa simu Jumatatu moja kwamba katika shamba la mama mkubwa, dada wa mama yangu, imeonekana ndege ndogo, sikuuliza ni ndege gani. Niliuliza nani ameiona kwanza.

Alikuwa jirani yake, mstaafu wa reli, ambaye shamba lake limepakana na la mama mkubwa nje ya mji, upande wa barabara ya Kipushi. Tangu Jumapili mchana watu walisikia kitu kinalia ndani ya mahindi ya mama mkubwa, kilio chembamba, kinakatika na kuanza tena. Mahindi yalikuwa yamempita mtu urefu, na hakuna aliyetaka kuingia. Asubuhi jirani akaingia na panga, akakuta ndege nyeupe, mfano wa zile za abiria, yenye mabawa mekundu, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, pua imezama udongoni. Hakuigusa. Alitoka akaita watu.

Mgeni angecheka. Sisi hatukucheka, maana tumekua tukiambiwa kwamba walozi wana ndege zao ndogo, wanazosafiria gizani kwenda kula watu, na kwamba ikiishiwa nguvu huanguka karibu na mwenyewe. Mama mkubwa ni mjane, amezika mume na watoto wawili, na mahindi yake hustawi kuliko ya wenzake. Aliyetaka kumpata na kosa hakuhitaji zaidi ya hapo. Kwenye barabara ile ile nilishaona mwanamke mwingine aking'olewa mabati ya nyumba kwa neno kama hilo. Aliondoka na sufuria moja, na msimu uliofuata shamba lake lililimwa na wengine.

Nilimkuta mama mkubwa nyumbani kwake, amekaa kwenye kigoda anachambua maharagwe. Ndege, sasa imenyamaza, imewekwa mbele ya mlango, watu wamesimama mbali. Akaniambia kilio alikisikia, akadhani ni paka. Niliogopa kwa ajili yake. Nilimshuku jirani, kwa sababu siku zote alikitaka kile kipande cha shamba kilicho karibu na kijito. Niliwashuku wale waliosimama kimya. Na kwa kitambo kidogo, nikitazama vidole vyake vinavyopita kwenye maharagwe bila kutetemeka, nilimshuku hata yeye.

Nikaanza kuuliza huku na huku. Ikatoka polepole kwamba Jumapili jioni alipita mtu mwenye kisanduku cha antena kinachoning'inia shingoni, anachungulia mashamba, anauliza kama wameona kitu kimeanguka. Wote walimjibu hapana. Walidhani ni mpimaji wa kampuni ya madini, na kwetu mpimaji akishachungulia shamba lako, bora uanze kufunga mizigo. Kwa hiyo walimfukuza mwenye ndege kwa kumshuku, kisha wakamshuku mjane kwa sababu ndege haina mwenyewe.

Nilimpata mwenye kisanduku katika mtaa wa Karavia, mfamasia mnene mwenye kofia, ambaye starehe yake ya Jumapili ni kurusha ndege za kuchezea. Naye nilimshuku, mtu mzima na michezo ya namna hiyo. Alifurahi mpaka akanishika mikono yote miwili. Akaeleza kwamba ndege ikipotezana na kisanduku hulia yenyewe, ili mwenyewe aifuate ndani ya mazao. Nilimwambia aje ayaseme hayo mbele ya watu, siku hiyo hiyo.

Akaja, akaitia ndege betri mpya na kuwasha kisanduku. Alizima kisanduku, ndege ikalia. Alikiwasha, ikanyamaza. Watu waliruka nyuma, kisha wakaanza kucheka. Akabadilisha kipande cha mbele kinachozunguka, maana kilivunjika, akairusha juu ya mahindi, nayo ikazunguka ikarudi miguuni pake. Wakapiga makofi. Nikaanza kupumua.

Jirani hakupiga makofi. Alisubiri kelele zitulie.

"Bon, hii iko ya monsieur, tumeona bote," alisema, akimnyooshea mfamasia kidole. "Sasa ya mama iko wapi?"

Hakuna aliyemkemea. Mwanamke mmoja alinong'ona kwamba lisemwalo lipo, na wengine wakaanza kutawanyika bila kumuaga mama mkubwa. Nilikasirika. Kitu kilichopo unaweza kumwonyesha mtu. Kisichokuwepo utamwonyeshaje?

Mama mkubwa alimsindikiza mfamasia hadi kwenye gari. Nilimwona anaongea naye kwa muda, mkono juu ya mlango, na mfamasia akakuna kichwa huku akiyatazama mashamba. Nilipouliza, aliniambia amemkaribisha tena Jumapili.

Jumapili alikuja kweli, na watu wakaja kutazama. Ndege ikapanda, ikazunguka, kisha ikainama taratibu na kuzama katikati ya mahindi ya jirani. Ikaanza kulia. Watu wakayatazama mahindi, wakamtazama jirani, wakasogea mbali naye kidogo. Mfamasia hakwenda kuichukua. Alikaa chini akifuta kisanduku chake kwa kitambaa. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mwishowe jirani aliingia mwenyewe, akatoka ameificha ndani ya koti, jasho linamtiririka. Hakuipeleka kwa mfamasia. Alikuja moja kwa moja mlangoni kwa mama mkubwa.

"Mama, ubaambie bantu," alisema, akiwaonyesha wale watu kwa mkono. "Ubaambie hii haiko yangu."

Mama mkubwa alimvutia kigoda, akampa maji, akamwacha anywe mpaka amalize.

"Tunajua, hii iko ya monsieur," alisema. "Ya kwako iko wapi?"

Jirani alitazama ndani ya kikombe kitupu, akakirudisha kwa mikono miwili, akaenda zake. Tangu siku hiyo sijamsikia mtu wa barabara ile akitaja ndege, na mama mkubwa bado analima mpaka kijitoni. Mfamasia anaapa hadi leo kwamba ulikuwa upepo. Mimi nilikuwepo, na hakuna jani la muhindi lililotikisika.