Ngitili Ndani ya Kioo

Tangi la samaki nililinunua kwa maringo tu, sina haja ya kusingizia jambo lingine. Nilikuwa nimemaliza kujenga hapa Bariadi mjini, vigae vimewekwa, makochi yameingia, nikaona sebule ya mwalimu inastahili kitu ambacho jirani hana. Muuzaji wa Mwanza alinifungia samaki wekundu kwenye mfuko wa maji, na juu ya maji yao yakielea majani machache ya kijani, kila moja dogo kama punje ya choroko. Akaniambia majani hayo husafisha maji na kuwapa samaki kivuli, ila nisiyaachie. Yakifunika uso wote wa maji, hewa haipiti.

Niliona ni maneno ya biashara. Haukupita muda yalikuwa yamezaana kiasi kwamba nikisimama juu ya tangi sioni samaki hata mmoja. Basi nikawa nayachota kwa chujio la chai na kuwamwagia kuku, ambao waliyagombania kuliko pumba. Nikachukua na mpira mwembamba wa dripu, nikaunganisha ncha zake ukawa duara, nikauweka uelee juu ya maji. Majani yalibaki nje ya duara, na ndani yake nikawa nawatilia samaki chakula. Hapakuwa na shida yoyote mpaka alipokuja baba.

Baba tulimtoa kijijini Shishiyu baada ya ukame kumaliza ng'ombe wake. Kwetu Usukumani mfugaji hutenga eneo la malisho wakati wa mvua. Haliingizwi mifugo wala halifyekwi, majani yake ni akiba ya kiangazi. Hiyo ndiyo ngitili, na siku ya kuifungua huamuliwa na mwenye mji, yaani mkuu wa boma, si mwingine. Mwaka ule baba alikuwa amelazwa hospitali, na kaka zangu wakaifungua ngitili yake mapema, mvua bado zipo, kwa uvivu wa kuchunga mbali. Kiangazi kilipokaza hakikubaki hata kijiti. Ng'ombe wakaanguka njiani wakienda lamboni kunywa. Baba aliporudi alikuta ngozi zimewambwa uani, na tangu hapo akili yake ikawa inakuja na kuondoka.

Kwangu alikaa ameupa ukuta uso. Ugali alimega kwa kubembelezwa, na mimi si mtu wa kubembeleza. Siku moja akageuka, akalitazama tangi kwa muda mrefu.

"Hii ngitili ya nani?" akauliza.

"Ya kwako, baba," nikajibu. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu afike, na ningemjibu lolote ili aulize la pili.

Mchana ule alikula akamaliza. Kesho yake alisogeza kiti mpaka mbele ya kioo, akaweka fimbo yake magotini, na hapo ndipo ikawa kazi yake. Samaki aliwaita ng'ombe. Akaanza kuoga bila kusukumwa na kuwasalimia wageni. Nilifurahi mno, nikamsifu Mungu na muuzaji wa Mwanza kwa pamoja.

Kisha akanikuta na chujio.

"Nani amekuruhusu kufungua, mayu? Mvua bado zinanyesha." Mayu ni mama kwa Kisukuma; ndivyo anavyoniita mimi bintiye.

Nikamweleza kwamba samaki hawa hawali majani, wanataka hewa, na majani yakifunga juu watakufa. Nilieleza vizuri, ndiyo kazi yangu.

"Hata kaka zako walikuwa na maneno mazuri," akasema. Akaingiza mkono majini, akautoa ule mpira wa dripu na kuutupa sakafuni. "Na huu ni mlango. Ndipo wanapoingilia wezi."

Hivyo katika nyumba niliyoijenga mwenyewe nikawa naomba ruhusa ya kuchota majani ya tangi. Jumapili moja, yeye akiwa kanisani na dada wa kazi, nilichota kidogo pembeni. Aliporudi aliona, akageukia ukuta, na chakula kikawa kinarudi jikoni kama kilivyokwenda. Alipokubali kula tena, chujio nililirudisha kwenye chai. Nilimkasirikia, nikawakasirikia zaidi kaka zangu. Nikaitegemea pampu ya hewa, iliyokuwa ikitoa mapovu chini ya blanketi lile la kijani usiku na mchana.

Ndipo ukatokea msiba wa shangazi, kijijini Kasoli. Nilikwenda na kulala msibani kama inavyopasa. Nyuma yangu umeme ukakatika, pampu ikanyamaza. Niliporudi asubuhi baba hajaamka. Nikayapasua majani kwa vidole, nikawakuta samaki wamelala ubavu, midomo wazi, wamejazana chini ya majani wakitafuta pa kupumulia. Niliwatoa wote, nikawafukia chini ya mpapai, na majani yakajifunga tena.

Sikumwambia. Hakuwa anawaona kwa juu hata hivyo, na kioo kilikuwa kimeota ukungu wa kijani. Kununua wengine ingekuwa kuwaleta wafe vilevile. Aliendelea kulinda na kula, nami nikawa napita sebuleni nikitazama pembeni.

Mvua zikaisha. Malori ya pamba yakaanza kutimua vumbi, nyasi za uani zikawa rangi ya mkate. Asubuhi moja baba akaniita, amevaa shati lake la kanisani.

"Mayu, kiangazi kimefika. Leo fungua."

Nikaleta chujio na beseni. Nilichota taratibu, yeye akiwa amesimama, ameshika ukingo wa tangi. Mwanga uliingia majini. Akainama akaangalia pembe moja, akaangalia nyingine, akazunguka upande wa pili.

"Wako wapi?"

"Walikufa, baba. Umeme ulikatika, wakakosa hewa."

Nilisubiri fimbo. Hakuinyanyua. Aliingiza kiganja ndani ya beseni, akayaacha majani yapite katikati ya vidole.

"Mwaka ule ng'ombe walikuwepo, majani yakakosekana," akasema. "Sasa haya nimemtunzia nani?"

Akaelekea chumbani polepole, fimbo ameiacha kitini. Mchana nilimpelekea uji mwenyewe. Jioni niliutoa haujaguswa, umefanya utando juu. Kesho yake hivyohivyo, nikambembeleza mpaka sauti ikanikauka.